Namna ya Kusimama Matopeni Ukihesabu Sululu

Kabla ya kununua darubini, andaa uongo wako. Vitabu vya ndege havilisemi jambo hili, kwa sababu vingi vimeandikwa na watu ambao kwao mtu mzima kusimama kichakani saa nzima akikodolea macho tawi tupu ni jambo la heshima. Huku kwetu, kuanzia Watamu mpaka Malindi, mtu mzima aliyesimama matopeni mwezi wa Machi, jua la mwisho wa kaskazi likimpiga utosini, ana lake jambo. Ama amepoteza kitu, ama amepotewa na akili, ama anataka kununua shamba la watu. Wapita njia watatu, si chini ya hapo, watakuja kuuliza ni lipi kati ya hayo.

Ukijibu kweli, "Natazama ndege," umejichongea. Kwanza wataangalia juu kuitafuta. "Ya Nairobi? Hiyo ilishatua Malindi zamani." Itabidi ueleze kwamba ni ndege huyu, si ndege hii, na hapo ndipo utakapotambua kuwa sarufi uliyochapwa kwayo shuleni ilikuwa na kazi duniani. Wakishaelewa kwamba unayemtaka ana manyoya, litakuja swali la pili, nalo ndilo gumu: "Ukishamtazama, halafu?"

Hakuna halafu. Nimesoma, nimeuliza, sijaipata. Siku hizi hujibu, "Nawahesabu," na nimeona kwamba kuhesabu huwatuliza watu zaidi ya kutazama, maana serikali nayo huhesabu. Lakini chunga ulimi usije ukasema unapima. Pwani hii mtu anayepima chochote, hata kina cha maji, jioni hiyo hiyo ataitwa barazani aeleze katumwa na nani na hatimiliki ya mahali hapo iko mkononi mwa nani.

Sasa, kwa nini Machi? Huko Ulaya huu ndio mwanzo wa majira ya kuchipua. Theluji inayeyuka, watu wanatoka na darubini zao, na anayetangulia kumwona mbayuwayu hujisifu kana kwamba kamzaa. "Ndege wetu wamerudi," husema. Wetu! Hebu tupige hesabu kama wenye nyumba. Mchukue kitwitwi mmoja, yule mwenye mdomo uliopinda kidogo kwa chini, ambaye huzaliwa kaskazini kabisa mwa Siberia, upande wa Taimyr. Ana uzito wa yai la kuku. Akishakuwa mtu mzima hufika kwenye hori ya Mida kuanzia Agosti, akala tope letu, akalala kwenye mchanga wetu, akafukuzwa na mbwa wetu, mpaka Aprili. Miezi minane. Siberia hufika Juni inapoingia. Dume akishamaliza shughuli yake humwachia jike mayai na malezi yote, na Julai ikianza huyo, yuko njiani kurudi kwetu. Mtu anayekaa kwako miezi minane na kwa mkewe wiki nne, ni wa nani? Kadhi hahitaji kuahirisha kesi hiyo.

Kwa hiyo wenzetu wakisherehekea kupokea, sisi shughuli yetu ya Machi ni kuaga. Mwongozo huu ni wa waagaji.

Na tusiwalaumu sana. Kwa karne nyingi hawakujua ndege wao wanapotelea wapi baridi ikiingia. Walikuwepo wasomi walioamini kwamba mbayuwayu hulala chini ya maziwa, wamejizika topeni kama kambare. Karne ya 17 Mwingereza mmoja, Charles Morton, aliandika kwamba ndege huenda mwezini. Jibu lilipatikana mwaka 1822, karibu na Klütz, Ujerumani, alipopigwa korongo mweupe aliyekuwa amepita huku na huku akiwa na mkuki shingoni, mkuki wa karibu sentimita 80, wa mbao za Afrika ya kati. Ndege alikuwa ameruka mpaka Ulaya na mkuki wake. Yupo hadi leo Chuo Kikuu cha Rostock, amekaushwa, mkuki haujatolewa. Siku hizi wataalamu huwavisha ndege pete za chuma miguuni ili wajue wanakokwenda, na sisi husema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Lakini aliyetangulia kumtia ndege alama na taarifa zikafika Ulaya alikuwa Mwafrika mwenye njaa, na alama yake ilisomeka vizuri sana.

Tuje kwenye vifaa. Wauzaji watakutajia tarakimu kama wachezeshaji wa bahati nasibu: 8x42, 10x50. Ya kwanza ni mara ngapi kitu kitavutwa karibu, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Chukua 8x42. Ya mara kumi ina sifa kubwa zaidi, lakini mkono uliokunywa kahawa chungu vikombe vitatu hufanya ndege wote waonekane wana homa.

Darubini ina adabu zake, nazo nilifunzwa kwa aibu. Machi mmoja nilikuwa ufukweni, Watamu, namfuata kitwitwi wa aina ile nyeupenyeupe inayokimbizana na mawimbi: maji yakija anakimbia, yakirudi anayafuata, kama mtoto anayeambiwa aoge. Alikimbia kushoto, nami nikaizungusha darubini kushoto. Sikujua kwamba mbele yetu, kwenye mstari uleule, wageni wawili wa Kitaliano walikuwa wamejilaza juani na nguo za kuhesabika. Mkono ukanigusa begani. Alikuwa askari wa hoteli fulani.

"Bwana, unatazama nini?"

"Ndege."

Akafuata kwa macho kule darubini ilikoelekea. Akanirudia. Akatikisa kichwa kwa huzuni ya mtu aliyesikia uongo mwingi kazini, ila huu ulikuwa bado.

"Hao ndio ndege?"

Nikampa darubini ahakikishe mwenyewe. Alitazama muda mrefu, mrefu kuliko anaostahili kitwitwi yeyote. Kisha akanirudishia, akasema niende nikatazamie mbele, na kesho nikija nimwone yeye kwanza.

Kitabu nacho ni lazima. Kile cha Stevenson na Fanshawe cha ndege wa Afrika Mashariki kina kurasa zaidi ya 600, na ukikibeba mkononi watu hukuamkia kwa heshima wakidhani wewe ni mhubiri. Kina ubaya mmoja: kurasa za vitwitwi wa baharini zimejaa picha za ndege yuleyule wa kahawia, kachorwa mara thelathini na majina thelathini. Wazee wetu wa Pwani waliwatazama ndege hao kwa miaka elfu, wakasema kitwitwi, wakaenda zao kuvua. Zipo pia programu za simu zinazosikiliza sauti na kukutajia jina. Nilifungua yangu, Merlin, kando ya mikoko, nikaitegesha kwa dakika kumi. Pikipiki mbili zikapita. Muuza samaki akapita akipiga honi. Mwisho wake ikaniandikia kwa uhakika kabisa kwamba imesikia kuku.

Yote hayo ni mapambo. Jambo lenyewe ni maji, na hapa nitaacha utani kwa aya moja. Hori ya Mida inajaa na kupwa kwa mlango mmoja wa bahari. Maji yakipwa, tope linafunuka mpaka upeo wa macho, na ndege wanatawanyika humo kutafuta minyoo na kaa wadogo, mbali nawe. Maji yakianza kujaa, meza yao inafunikwa kidogo kidogo, nao wanasukumwa kuja ulipo, hatua kwa hatua, bila wewe kunyanyua mguu. Kwa hiyo fika saa mbili tatu kabla ya maji kujaa, keti, nyamaza. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji hujaa mwendo wa saa kumi alasiri, na siku zinavyosogea kuelekea maji mafu nayo saa inasogea. Hayo usiyatafute kwenye simu. Muulize mvuvi yeyote, atakujibu bila kuinua kichwa kwenye wavu wake.

Mimi sikuuliza. Vitabu vinasema ndege hutazamwa asubuhi, nami ni mtu wa vitabu. Nikafika saa nne ya asubuhi, siku ya bamvua. Bahari ilikuwa imekwenda kwao. Nilisimama nikakaza darubini, na kwa mbali kabisa nikaona punje nyeusi, mamia, kama pilipili manga iliyomwagwa. Nikazihesabu. Mia nne na kumi na mbili. Niliandika daftarini, nikapiga mstari chini yake. Karibu yangu alikuwa mzee mmoja wa Kigiriama akichimba chambo.

"Baba, hawa walioko kule ni ndege gani?"

Akainuka, akaweka kiganja juu ya macho. "Kule?"

"Kule."

"Hiyo ni mizizi ya mikoko, mwanangu."

Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mwenye darubini inabidi aambiwe. Nikiwa narudi, tope lilichukua ndara yangu ya kushoto na halijairudisha.

Ukishafika kwa saa ya maji, shida inayofuata ni kujua unachokitazama. Anza na sululu, maana huyo hata kipofu hamkosi. Ni mkubwa, wa kahawia, na mdomo wake mrefu umepinda kwa chini sawasawa na ile sululu ya kuchimbia msingi. Nani kamwigia mwenzake jina, chombo au ndege, niliwaachia wanaisimu. Akishtuka hupiga mbinja za haraka haraka, kama saba hivi mfululizo, mithili ya kondakta anayezuia matatu isiondoke. Ukimjua sululu, unaweza kumwelekezea kidole mbele za watu, na hicho ndicho kiini cha elimu hii.

Waliobaki wachukulie kwa mavazi, na ndiyo sababu Machi ni mwezi wa dhahabu. Tangu Septemba walikuwa wamevaa kijivu, wote, kama wafungwa. Sasa wanajiandaa kwenda kuoa. Kitwitwi wetu wa Siberia anaanza kuiva tumboni, kwanza madoa, kisha rangi ya tofali imkolee kifua kizima, kama aliyepakwa hina na somo asiye na subira. Mwingine mnene, mwenye jicho kubwa la huzuni, tumbo lake linakuwa jeusi tii, utadhani kachovywa lami. Yule mfupi wa miguu ya manjano ambaye mdomo wake umepinda kwa juu, kinyume na adabu, habadiliki sana. Huyo mtambue kwa mbio. Hukimbilia kaa kichwa kikiwa chini kama mtu aliyeona noti ya elfu inapeperuka.

Kisha wako wale wadogo wa mchangani, ambao tofauti yao, kitabu kinasema, ni kwamba mmoja ana mdomo na miguu mirefu kidogo kuliko mwenzake. Kidogo kuliko mwenzake! Na mwenzake hayupo, karuka. Nilipambana na wawili hao miaka mingi, na nilipokaribia kuwafahamu wataalamu wakamgawa yule mdogo kuwa aina mbili, mmoja wa Siberia, mwingine wa Tibet. Tangu hapo nimejikabidhi kwa jibu linalotumiwa na wazoefu wote, nami nakupa bure: ukiulizwa ndege usiyemjua, mtazame kwa utulivu, vuta pumzi, kisha sema, "Huyo mchanga bado." Hakuna atakayebisha. Mchanga ana haki ya kufanana na yeyote.

Kuna mmoja asiyehitaji jibu hilo, naye ndiye fahari ya Mida. Mweupe na mweusi, miguu mirefu ya kijivu, mdomo mnene mweusi kama koleo la fundi. Mimi humwita mla kaa, kwa kuwa sijamwona akila kitu kingine kwa raha vile. Hawa husimama makundi makundi, mamia, wamejipanga kwenye ukingo wa maji kama wazee wanaosubiri maiti itolewe. Huwezi kuwakosea.

Mla kaa hajali Siberia. Kwao ni Ghuba, Bahari ya Shamu, visiwa vya Omani na pwani ya Somalia, na huko hufanya jambo lisilofanywa na jamaa zake wengine: huchimba shimo refu mchangani, akataga yai moja jeupe mwisho wa shimo, na joto la mchanga uliopigwa na jua humsaidia kulihifadhi. Sasa fikiri. Kiumbe anayeondoka Pwani yetu mwezi wa Aprili, kusi inapoanza kuvuma, akaelekea Omani kuona familia, na msimu ukigeuka akarudi kwetu akiwa na mtoto anayemlilia chakula njia nzima. Majahazi ya Maskati na Suri yalikuwa na ratiba ya jamaa hiyo. Yalikuja na kaskazi, yakaondoka na kusi, na baadhi ya manahodha, kama ninavyosimuliwa na wazee wa Malindi, walikuwa na watoto ncha zote mbili za safari. Nikimwona mla kaa amesimama na mwanawe, hujikuta namtafutia kilemba.

Suala la chakula ni fupi. Beba mahamri na mbaazi za kutosha watu wote, kwa sababu wasiotaka kusikia habari za ndege watataka kusikia habari za mahamri. Ramadhani ikiangukia Machi, kama ilivyokuwa mwaka 2025, utatoka baada ya adhuhuri na kurudi kabla ya magharibi, jambo linalooana vizuri na bamvua. Ila nakuonya: kumtazama mla kaa akivunja kaa kwa mara nane, saa kumi na mbili kasoro robo, ulimi umekauka, kunahitaji imani iliyosimama.

Kuhusu wenzako wa safari, chagua wachache. Nairobi wana desturi nzuri. Tangu mwaka 1971 kundi la watazamaji hukutana kila Jumatano asubuhi pale jumba la makumbusho, chini ya uongozi wa Fleur Ng'weno kwa miongo mingi, na mgeni hupokewa. Sisi huku tuna lile daraja la mbao la Mida, linaloning'inia kati ya mikoko na kuyumba kila mtu mnene anapobadilisha mguu. Kiingilio chake huchangia karo za watoto wa sekondari wa vijiji vinavyozunguka msitu wa jirani, kwa hiyo hata siku usiyoona kitu, mtoto wa mtu atakuwa amesoma aljebra kwa mizizi yako ya mikoko. Jihadhari na mwenye kamera yenye lenzi ndefu kama bomba la bafuni. Atasimama mbele yako, atapiga picha mia tatu za mgongo wa kitwitwi, na jioni atakuuliza huyo ni ndege gani. Unalijua la kumjibu.

Asubuhi, wakati maji bado hayajapatana nawe, ingia msitu wa Arabuko-Sokoke, uko ng'ambo ya barabara tu, kilomita za mraba zipatazo 420. Humo yumo bundi mdogo ambaye zaidi ya hapo anapatikana mahali pachache tu, kama vile chini ya milima ya Usambara, Tanzania. Wanasayansi walimwandika kitabuni mwaka 1966. Si mkubwa kuliko embe la ngowe. Mwongozaji wa kienyeji atakutembeza kwenye udongo mwekundu, atakupitisha miiba, atasimama ghafla na kuonyesha kichaka. Hutaona kitu. Ataonyesha tena. Hutaona kitu. Mara ya tano kipande cha gome kitafumbua jicho moja, kikutazame, kikudharau, kifumbe.

Hapo furahi, kisha funga mdomo. Mimi nilikwenda moja kwa moja kwa bibi yangu.

"Bibi, leo nimemwona bundi!"

"Yarabi toba! Kalia wapi?"

"Hakulia, Bibi. Alikuwa kalala."

Akanikazia macho. "Na huko msituni ulikwenda kutafuta nini?"

"Bundi."

Kimya. Kisha: "Umelipa?"

"Nimelipa, ya kiingilio na ya mwongozaji."

Bibi ni mtu wa zamani, wa enzi ambazo neno ndege lilikuwa na maana ya tatu, ile ya ishara. Mtu akitoka safari anaangalia kapata ndege njema au ndege mbaya. Akachambua mchicha wake kwa muda. "Zamani, mjukuu wangu," akasema, "ndege mbaya alikuja mwenyewe. Bure."

Kunguru usiwahesabu. Nasema hivyo kwa sababu wanaoanza, wakiona daftari tupu, huingiwa na tamaa. Kunguru wa mjini, yule mwenye shingo ya kijivu, aliletwa Unguja kutoka Bara Hindi miaka ya 1890 aje kusafisha taka, akasafisha taka, akasafisha na mayai ya ndege wengine, vifaranga, na sahani za wageni hotelini. Mwaka 2024 mamlaka ya wanyamapori ya Kenya ilitangaza mpango wa kuwaua kwa sumu, idadi iliyolengwa ni milioni moja. Nina shaka kama kunguru wamesoma tangazo hilo. Siku ile ya mizizi mmoja alinisubiri nifungue kitambaa cha mahamri, akachukua moja kwa adabu, la juu kabisa.

Turudi majini, maana Machi imekwisha na Aprili imeingia, na ndege wako sasa hawana muda nawe. Wamenenepa. Utawaona wanakula bila kuinua kichwa, mchana na usiku kwa amri ya maji, na mafuta yanajaa chini ya ngozi mpaka kitwitwi anakuwa duara. Ni petroli ya safari ya kilomita zaidi ya 8,000. Wako ndege wa aina hii ambao wakikaribia kuondoka hata matumbo yao husinyaa, kwa kuwa angani hakuna mkahawa na mzigo usio na kazi hauna nafasi. Nimewaza kulipendekeza hilo kwa abiria wa mabasi ya Nairobi.

Siku ya kuondoka hutaarifiwa. Itakuwa jioni, jua likiegemea msitu. Kundi litakaa limetulia, kisha mmoja ataanza kuita, mwingine ataitika, na kelele zitapanda kama watu wa harusi wanaosubiri basi la bwana arusi. Watapaa, watazunguka hori mara moja, baadhi watabadilisha nia na kutua tena, kwa sababu katika kila msafara wapo waliosahau kitu. Waliobaki hewani watapanda juu zaidi ya mikoko, watajipanga mstari uliopinda, na kuelekea kaskazini. Inachukua muda mfupi kuliko kufunga zipu ya begi. Usipunge mkono, kuna watu wanakutazama. Unaweza kusafisha miwani.

Nilikuwa darajani jioni ya namna hiyo, nikisafisha miwani, na ile ndege ya jioni ikapita juu ikitokea Malindi, taa zinamweka, inaelekea upande uleule. Kijana aliyekuwa akipita na baiskeli ya madafu akasimama.

"Ndiyo hiyo uliyokuwa ukiingoja, mjomba?"

Nikasema ndiyo. Ilikuwa fupi kueleza.

Usikunje daftari lako, hata hivyo. Wakati hao wanakwenda, wengine wanaingia kutoka kusini. Nenda mdomo wa mto Sabaki, kaskazini kidogo ya Malindi, na kuanzia Aprili utawakuta ndege wa Madagaska wenye mabawa marefu na mkia mfupi, wanaruka kama mbayuwayu waliovimba. Wao huzalia kwao, kisha huja kupumzika huku mpaka Septemba. Huko Ulaya hakuna anayewaita wake, kwa hiyo watazame kwa amani.

Na hata Mida haiwi tupu. Juni, mvua zikipungua, nilipita na mzee wa chambo, na pale ambapo Machi husimama mamia alikuwepo sululu mmoja. Manyoya yamechakaa, rangi ileile ya Septemba, anachokoa tope bila haraka. Alituona, akapiga mbinja zake saba, hakuruka mbali.

Mzee akamtazama, akanitazama. "Wenziwe wote wamekwenda. Huyu mbona kabaki?"

Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hii nilikuwa na jibu la kweli, nimelisoma na nimehakikisha: wale wa mwaka wa kwanza wengi hawaendi, hawajafikia umri wa kuzaa, wanabaki hapa mpaka wakubwa warudi. Nikavuta pumzi.

"Huyo mchanga bado," nikasema.

Mzee akacheka mpaka akaweka chini ndoo yake ya chambo.